Kabla ya Kuilaumu Kompyuta

Shafti ya mashine ya kumenya kahawa ikilika katikati ya msimu, mkulima wa Kipkelion hana siku za kupoteza. Matunda yaliyochumwa asubuhi yanafaa kumenywa siku hiyo hiyo. Yakilala yanaanza kuchacha, na ladha ikishaharibika hakuna kinu kitakachoirudisha. Mara nyingi shafti hiyo hufungwa kwenye gunia na kupandishwa matatu hadi Kericho mjini, na huko ikishindikana, safari inaendelea Nakuru au Kisumu. Inaporudi, bei yake imeshabeba nauli, chakula cha msafiri na foleni ya karakana ya watu.

Kazi yenyewe si kubwa. Ni chuma cha duara kinachokerezwa mpaka kifikie kipenyo fulani, kikachongwa ngazi mbili tatu za kukalia beringi, kikakatwa thredi upande mmoja. Ndiyo maana nashikilia kwamba leithi inayoongozwa na kompyuta, ile mafundi wanayoiita CNC, ina nafasi yake katika karakana ya nyumbani huku kwetu kwenye chai na kahawa, wala si mali ya viwanda vya Nairobi peke yake. Lakini anayetaka kuifunga ajue jambo moja mapema. Mashine hii ikisumbua, kompyuta ndiyo hulaumiwa kwanza, na ni mara chache sana inakuwa na hatia. Makosa mengi hutoka chini: kwenye sakafu, kwenye chuma, kwenye nyaya za stima, na kwenye waya wa arthi ambao hakuna aliyeukumbuka.

Kipkelion si mgeni wa chuma. Enzi za ukoloni mji huu uliitwa Lumbwa, stesheni kwenye reli iliyofika Kisumu mwaka 1901, na treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu iliporejea Desemba 2021 njia yake ilikuwa hii hii. Kenya nayo ilianza kushughulika na mashine hizi za CNC kitambo. Mwaka 1990 taifa lilionyeshwa gari la Nyayo Pioneer, kazi ya wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Gari halikufika sokoni, lakini mradi wake ndio uliozaa Numerical Machining Complex, shirika la serikali jijini Nairobi linalochonga vipuri kwa mashine za aina hii. Baadaye vyuo vingi vya ufundi vililetewa mitambo kupitia mpango wa serikali na kampuni ya AVIC International ya China, na mwaka 2014 kampuni hiyo ikaanzisha mashindano ya Africa Tech Challenge, wanafunzi wakashindana kwenye leithi. Kijana anahitimu akiwa ameigusa mashine na anajua kuiandikia programu. Kisha anarudi nyumbani Kipkelion, Litein au Sotik asikute hata moja, na baada ya muda anaendesha bodaboda. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Mashine ipi, basi? Njia ni mbili: kununua leithi ndogo mpya iliyo tayari, au kuchukua chuma kizee na kukipa ubongo mpya. Mimi napendelea ya pili, mradi mnunuzi awe na subira. Katika miaka ya 1980 kampuni kama Denford na Boxford za Uingereza na Emco ya Austria zilitengeneza leithi ndogo za kompyuta kwa ajili ya shule na vyuo. Vifaa vyake vya umeme vimekufa vingi, vipuri vyake havipatikani tena, ila chuma cha chini bado kiko imara. Mashine ya namna hiyo huuzwa kwa bei ya chuma chakavu au inayokaribia hapo, kwa sababu mwenye nayo anaona skrini imezimika akadhani kila kitu kimezimika.

Unapoikagua, achana kwanza na skrini. Zungusha chaki, ile inayokamata chuma, kwa mkono, usikilize beringi kama zinakwaruza. Weka geji ya saa juu ya spindo, ule mhimili unaobeba chaki, na uinue chaki kwa kipande cha mti. Sindano ikiruka sana, beringi zimechoka. Kisha tazama kitanda cha mashine, zile reli ndefu ambazo kibebeo cha kisu hutelezea. Karibu na chaki ndiko zinakolika zaidi kwa kuwa kazi nyingi hufanyika hapo. Kompyuta inaweza kubadilishwa kwa mchana mmoja, lakini kitanda kilicholika hakina dawa rahisi.

Ubongo mpya nao haulazimiki kuwa wa bei. Mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, kutokana na wazo la John Parsons aliyetafuta namna ya kutengeneza mapanga ya helikopta kwa usahihi. Wakati huo ilisoma utepe uliotobolewa matundu, na vifaa vyake vya umeme vilijaza makabati. Leo ipo programu iitwayo LinuxCNC, iliyochipuka kutoka kazi ya taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST. Inapatikana bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba yenye lile tundu pana la printa la zamani. Hapa niseme ukweli wote: kuna mahali pamoja ambapo kompyuta huwa na hatia kweli. Laptopu nyingi hazifai, kwa sababu zinajipunguzia kasi ili kuokoa betri, na mota zinapongoja mapigo yanayochelewa, mwendo wake unakuwa wa kudundadunda. Programu hiyo ina kipimo chake cha ucheleweshaji. Kiendeshe kwa muda mrefu huku umefungua madirisha mengi, na kama namba inaruka juu sana, tafuta kompyuta nyingine kabla ya kushika bisibisi.

Sasa sakafu. Karakana nyingi za nyumbani huku ni chumba cha mabati kilichokuwa ghala la mahindi, na simenti yake ni nyembamba. Leithi ikikalishwa hapo kisha bolti zikakazwa kwa nguvu, kitanda chake kinajipinda kidogo, kama kitanda cha mbao kilichowekwa kwenye sakafu ya udongo isiyo sawa. Macho hayaoni, na pimamaji ya kawaida ya mwashi haitoshi. Matokeo yake yataonekana kwenye kazi: shafti inatoka nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, na mwenye mashine anakesha akibadilisha namba kwenye programu.

Kipimo chake ni cha zamani na hakihitaji kompyuta wala pesa. Chukua nondo laini ya milimita 40 hivi, ikamate kwenye chaki itokeze milimita 150, bila kuishikilia kwa nyuma. Ipunguze katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Noa kisu vizuri, kisha bila kugusa mpangilio wake pitisha mkato mmoja mwembamba juu ya pete zote mbili. Pima kwa maikromita. Kama pete ya mwisho ni nene kuliko ya kwanza, kisu kilikuwa kinajivuta nyuma kikisogea huko. Inua kidogo mguu wa mbele wa mashine, ulio upande wako, kwenye mwisho wa mkiani ulio mbali na chaki, kwa kipande chembamba cha bati, kisha rudia. Ikiwa pete ya mwisho ndiyo nyembamba, fanya kinyume. Tofauti unayoisoma ni ya kipenyo, kwa hiyo kisu kimepotoka nusu yake tu. Ukifika tofauti ya milimita 0.01 kwa urefu huo, unaweza kuacha. Iache mashine ikae siku kadhaa, kisha pima tena, maana meza na simenti huendelea kutulia baada ya uzito kuwekwa.

Nimeona mafundi wenye ujuzi wakiiruka hatua hii kwa haraka ya kuona mashine ikijiendesha yenyewe. Haraka hiyo naielewa, kwani mara ya kwanza kisu kinapotembea bila mkono wa mtu mwili unasisimka. Lakini kila kipimo kitakachofuata kimekalia hapo.

Umeme ndio sehemu inayowatesa watu wa huku zaidi. Mpango wa Last Mile ulioanza mwaka 2015 umefikisha stima kwenye nyumba nyingi za vijijini, na stima hiyo ni ya laini moja, volti 240. Leithi nyingi nzuri zina mota ya laini tatu. Jibu ni inveta ya mota, kisanduku kinachopokea laini moja na kutoa tatu, tena kinakuwezesha kubadilisha kasi ya spindo kwa kuzungusha kitufe. Soma kibao cha mota kabla ya kununua. Kikiandikwa 230/400, mota hiyo itafungwa kwa mtindo wa delta ili ifanye kazi kwa volti 230. Ikifungwa kwa stari itazunguka, ila itakuwa dhaifu na itakwama kisu kikizama, na hapo tena kompyuta italaumiwa.

Inveta hiyo ina tabia mbili za kujua. Kwanza, huvujisha umeme kidogo kuelekea arthi kwa kawaida yake, kwa hiyo ile swichi nyeti ya usalama inaweza kukata stima ya nyumba nzima kila unapoiwasha. Usiing'oe swichi hiyo. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni aweke ya aina inayofaa, kwenye laini ya karakana peke yake. Pili, inveta hurusha kelele za umeme hewani. Nyaya za swichi za kikomo zikipita sambamba na waya wa mota, zinapokea kelele hizo, na mashine inasimama ghafla katikati ya kazi ikidai imegonga mwisho wa njia huku iko katikati kabisa. Mtu anaifuta programu na kuiweka upya, na kosa linarudi pale pale. Dawa ni kutenganisha nyaya hizo, kutumia waya wenye ganda la chuma, kufunga ganda hilo kwenye arthi kwa ncha moja tu, na kuleta arthi za vifaa vyote kwenye bolti moja ndani ya kabati. Arthi yenyewe iwe fimbo halisi iliyozama ardhini na ikapimwa. Waya uliofungwa kwenye bomba la maji la plastiki hausaidii kitu.

Halafu kuna jioni. Watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, volti mwishoni mwa laini ndefu za kijijini hushuka, na inveta hujizima kujilinda. Ukiona mashine inakataa kazi saa moja usiku na asubuhi ni nzima, weka kipima volti kwenye soketi kabla ya kufungua kabati. Kompyuta ipewe UPS yake ndogo, ili stima ikipotea isife katikati ya kuandika faili.

Baada ya hapo ndipo kompyuta inapata zamu yake, na kazi yake ni hesabu ya darasa la saba. Mota ya hatua ya kawaida inagawa mzunguko mmoja kuwa hatua 200. Drava yake, kile kisanduku kinachoiendesha, ikigawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600. Ikiwa skrubu inayosukuma kibebeo inasogea milimita 5 kwa mzunguko mmoja, basi kila milimita ni hatua 320. Andika namba hiyo, kisha iamuru mashine isogee milimita 10 na uithibitishe kwa geji.

Geji ikionyesha upungufu, subiri kabla ya kurekebisha. Sogeza kibebeo milimita 1 mbele, kisha 1 nyuma, uone kama sindano inarudi sifuri. Ikibaki na pengo, tuseme 0.08, hiyo ni nafasi tupu kati ya nati na skrubu, wala si kosa la hesabu. Ukibadilisha ile 320 ili kuificha nafasi hiyo, utakuwa umeharibu kila urefu kwa kuponya mahali pamoja. Programu ina sehemu yake ya kufidia nafasi tupu, lakini dawa bora ni skrubu ya gololi, ambayo nati yake hutembea juu ya gololi bila kulegea.

Kosa jingine linalotisha wanaoanza ni la kipenyo. Kwenye leithi, kisu kikiingia milimita 1, kipenyo kinapungua milimita 2. Programu inaweza kusoma namba zako kama kipenyo au kama nusu yake. Katika LinuxCNC amri ni G7 kwa kipenyo na G8 kwa nusu. Programu iliyoandikwa kwa mtindo mmoja ikisomwa kwa mwingine, shafti hutoka mara mbili ya unene ulioutaka, au kisu huzama kupita kiasi na kuvunjika. Weka amri hiyo kwenye mstari wa kwanza wa kila programu, hata kama unaamini mashine imeshaikumbuka.

Kisu nacho kina kimo chake. Kereza uso wa nondo mpaka katikati. Kikibaki kichuguu kidogo, ncha ya kisu haiko sawa na kitovu cha spindo, iko juu au chini. Inua au shusha kwa vipande vya bati mpaka kichuguu kipotee. Ni jambo la dakika chache, na linaondoa nusu ya malalamiko kwamba mashine inalia na kutetemeka.

Ikiwa vipimo vinabadilika kidogo kidogo kadiri kazi inavyoendelea, mota inapoteza hatua. Kujua sababu, endesha programu ile ile hewani, bila chuma, mara nyingi, kisha angalia kama kibebeo kinarudi sifuri kwenye geji. Kikipotea hata bila kukata, umeiamuru mota iongeze mwendo ghafla kuliko nguvu yake, au kuna waya unaogusa na kuachia. Kikipotea wakati wa kukata tu, kisu ni butu, mkato ni mzito, au kibebeo kimebanwa sana kwenye reli na hakijapata oili.

Thredi ndizo zinazompa fundi heshima, na ndizo ngumu zaidi. Ili kisu kirudi kwenye mfereji ule ule katika kila mpito, kompyuta lazima ijue spindo imefika wapi katika mzunguko wake. Kazi hiyo ni ya enkoda, yenye alama moja ya kuanzia kwa kila mzunguko. Ifungwe kwenye spindo yenyewe, au kwa mkanda wa meno wa moja kwa moja. Ikifungwa kwenye mota, mkanda laini ukiteleza kidogo thredi zote zinakatika vibaya. Unapochonga bolti ya M16, ambayo mwendo wake ni milimita 2, acha mpito wa kwanza ukwaruze tu. Simamisha, weka geji ya thredi juu ya mkwaruzo ule, tazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Meno yakikaa sawa, endelea. Yakipishana, umepoteza muda kidogo tu na chuma chako bado ni kizima.

Nyanda hizi za Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, na mvua hiyo huja na radi, mara nyingi alasiri. Kifaa cha kuzuia mapigo ya umeme kwenye kabati ni cha lazima, ila ngurumo zikisikika karibu, chomoa plagi kabisa, pamoja na waya wa intaneti kama upo. Baridi ya usiku nayo huacha umande juu ya chuma kitupu. Paka oili kila jioni na ufunike kwa kitambaa, kwa maana turubai la plastiki linafungia unyevu ndani.

Na usalama. Leithi ya mkono inakutegemea wewe isogee; hii haijui kama mkono wako uko njiani. Hakuna glavu, hakuna shuka wala mikono mirefu, na ufunguo wa chaki hauachwi kwenye chaki hata kwa kufumba na kufumbua. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota moja kwa moja kupitia rilei, kisitegemee programu kukisikia. Watoto wa nyumbani wana hamu ya kuona, na ni vizuri waone, lakini mlango uwe na komeo na mashine iwe na kizuizi mbele.

Usitarajie mashine hii ikupe kazi zote za viwanda vya chai. Zile rola za CTC zinazosaga na kukata majani huzunguka mbili mbili, moja ikikaribia mara kumi ya kasi ya mwenzake, na meno yake lazima yachongwe upya yakichakaa. Ni nzito na ndefu kupita leithi yoyote ya nyumbani. Kazi zako ni bushi, pini, puli za posho mill, ngazi za beringi, roda za mikokoteni, vipuri vya mashine za kumenya kahawa. Mzee anayeleta puli iliyopasuka haulizi umetumia programu gani. Anauliza, "Kijana wangu, nije kuichukua saa ngapi?" Ukiwa na faili la puli ile tangu mara ya kwanza, unaweza kumjibu, "Kaa kidogo unywe chai, mzee, utaondoka nayo." Faili lile lile litatoa puli ya pili na ya kumi kwa kipimo kile kile, jambo ambalo mkono wa fundi aliyechoka hauwezi kuahidi.

Kwa hiyo tunza mafaili. Nakili mipangilio yote ya mashine kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya karakana. Kisha chukua kalamu na karatasi uandike zile namba zinazotambulisha mashine yako: hatua kwa milimita za kila upande, nafasi tupu ya kila skrubu, kasi ya juu ambayo mota inaivumilia, waya upi unaingia tundu lipi. Bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati la umeme, uifunike kwa nailoni isilowe oili. Radi ikiua kompyuta Jumanne, Jumatano utanunua nyingine ya mtumba Kericho mjini, utapakia programu ile ile, utasoma namba mlangoni na kuziingiza, na kabla ya soko la Alhamisi mashine itakuwa inakereza.